Koko Marceline na Mashine ya Pumzi

Mchi uligonga ukuta mara mbili. Tu, tu. Kisha kimya.

Koko Marceline alishtuka na kuketi kitandani. Nje kulikuwa bado giza. Mdomo wake ulikuwa mkavu, ulimi umeshika juu. Kichwa kilimuuma juu ya macho. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Mama Germaine huyu halalaka," alijisemea. "Jogoo bado, yeye iko na mchi mkononi."

Germaine alikuwa jirani yake. Nyumba zao zilishikana, na kati yao kulikuwa na ukuta mmoja tu wa mbao. Kila alfajiri, na mara nyingine katikati ya usiku, mchi uligonga ukuta ule. Marceline alifikiri jirani yake anatwanga chakula. Hakuwahi kumuuliza. Mtu anayeishi peke yake huogopa kuwaudhi wachache wanaomsalimia.

Aliwasha makaa, akachemsha chai. Alitoa vikombe viwili. Kisha akakumbuka, akarudisha kimoja, chekundu.

Kile kikombe chekundu kilikuwa cha Grâce, mjukuu wake wa miaka tisa. Kwa miaka minne Grâce alilala kitanda kimoja na koko yake. Baba yake, Aristide, mtoto wa Marceline, alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Bafwasende. Mama yake, Bijou, alishinda sokoni. Basi mtoto alikaa hapa, karibu na maporomoko ya mto. Alimtilia koko uzi kwenye sindano. Alimchana nywele nyeupe na kumwambia kwamba ni mzuri.

Halafu maji ya mto yalipungua. Mawe yalitokea, na ngurumo ya maporomoko ikashuka. Watu wa pale wanaizoea ngurumo hiyo hata hawaisikii tena. Ilipopungua, sauti nyingine zilianza kusikika.

Wakati huo Grâce alishikwa na homa, na Bijou akaja kulala naye. Usiku alimsikia mama mkwe wake akikoroma kwa nguvu. Ghafla mkoromo ulikatika. Bijou alisubiri. Mdomo wa Marceline ulikuwa wazi, kifua kikihangaika, lakini pumzi haikupita. Halafu alikwama kama mtu anayekabwa, akavuta hewa, akaanza tena kukoroma. Ilikuwa hivyo mpaka asubuhi.

Kulipokucha Bijou alifunga nguo za Grâce kwenye kitambaa.

"Mama, pumzi yako inatoka, inaenda, inarudi," alisema bila kumtazama. "Inaendaka wapi?"

Alikaza fundo la kitambaa.

"Mutu mwenye pumzi yake inatembea usiku, tunajua anaitwaka nani."

Hakutaja neno lenyewe. Jumapili mtaa mzima ulikuwa umelitaja: ndoki. Mchawi. Mtu anayeacha mwili wake kitandani na kwenda usiku kudhuru watu. Kanisani, kwenye benchi la Marceline, pembeni yake kulibaki nafasi ya watu wawili. Wiki iliyofuata, nafasi ya watu wanne.

Miezi mitano ilipita. Aristide alituma salamu kwa simu, haraka haraka. Grâce hakuja.

Jambo moja Marceline hakumwambia mtu. Yeye mwenyewe alianza kujiogopa. Alichoka kila asubuhi kama mtu aliyetembea usiku kucha. Labda ni kweli, alifikiri. Labda ninakwenda mahali nisipopajua. Na kama ni kweli, ni vizuri mtoto alale mbali.

*

Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Wavuvi walitoa samaki kwenye mitego yao, iliyofungwa kwenye miti mirefu kati ya mawe, yeye akawapanga juu ya uchanja na kuwageuza polepole. Ni kazi ya uvumilivu. Moto usiwe mkubwa, usife.

Siku hiyo aliketi kwenye kigoda chake, kijiti cha kugeuzia samaki mkononi. Jua lilikuwa limepanda. Alifumba macho kidogo tu.

Alifunguliwa macho na maji ya baridi usoni.

"Marceline! Uko naungua!"

Germaine alisimama juu yake na ndoo tupu. Kitenge cha Marceline kilikuwa kimeshika moto upande mmoja. Mguu wake uliungua kutoka kifundo hadi nusu ya muundi. Samaki wote walikuwa weusi kama makaa.

"Nilisinzia," Marceline alisema. Alianza kulia, si kwa sababu ya mguu.

"Unasinzia kwa kanisa, unasinzia kwa soko, sasa unasinzia ndani ya moto," Germaine alisema. "Simama. Tunaenda hospitali. Hapana kubisha."

Aliita toleka mbili, zile baiskeli zinazobeba abiria. Kijana wa toleka aliangalia mguu wa Marceline, akavua koti lake, akalikunja na kuliweka kwenye kiti ili asiumie. Marceline aliona jambo hilo. Ilikuwa siku nyingi mtu hajamwekea kitu laini. Wakaenda mpaka hospitali moja katika Makiso, katikati ya mji.

Muuguzi aliyemfunga kidonda aliitwa Élise. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya polepole. Alipima tansiyo ya Marceline, yaani shinikizo la damu. Ilikuwa juu sana. Akapima tena.

"Koko, dawa ya tansiyo unakunywaka?"

"Nakunywaka kila siku. Haishuki."

"Na ulianguka namna gani ndani ya moto?"

"Nilisinzia."

Élise aliweka kalamu chini.

"Usiku unalala vizuri?"

"Nalala saa nyingi, mwana. Lakini naamuka kama mutu mwenye alibeba magunia. Kichwa kinauma. Mdomo inakauka. Naenda kukojoa mara tatu, mara ine. Kuna vidonge vya usingizi nanunua kwa kijana mwenye anapitaka na sanduku. Havisaidii."

"Uache vile vidonge leo leo. Sasa, unakoroma?"

Marceline aliinamisha kichwa.

"Koko, nani analala na weye?"

"Hakuna mutu."

"Nani anakusikiaka usiku?"

"Hakuna mutu," Marceline alisema. "Hakuna hata mumoja."

"Miye," Germaine alisema.

Wote wawili walimgeukia. Germaine alikuwa ameketi karibu na mlango, ndoo yake tupu bado mapajani. Hakuwa amekumbuka kuiacha nyumbani.

"Miye namusikiaka. Kichwa chetu iko kwa ukuta mumoja. Anakoroma, halafu anaacha. Nahesabu. Moja, mbili, tatu... Nikifika makumi mbili na bado hajarudi, nagonga ukuta na mchi. Anashtuka, anapumua. Alors nalala tena."

Marceline alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Ule mchi..." alisema. "Ni sababu ya miye?"

"Sasa nani anatwanga majani ya pondu katikati ya usiku? Niko na wazimu?"

"Tangu siku gani?"

"Tangu ngurumo ilishuka."

"Na haukuogopa? Batu banasema miye ni..."

"Batu banasema," Germaine alisema. "Kama uko natoka usiku kwenda kula batu, mbona unarudi na njaa asubuhi kuniomba chumvi?"

Élise alicheka. Marceline pia alicheka, halafu akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Miezi mitano alikuwa amelala akidhani yuko peke yake duniani. Na upande wa pili wa ubao, mtu alikuwa anahesabu pumzi zake.

*

Élise alimpa kifaa kidogo cha kulala nacho usiku mmoja. Kilikuwa na kibano cha kidole na mrija mwembamba wa puani. Kiliandika chenyewe kila pumzi. Asubuhi Marceline alikirudisha, na daktari akakisoma. Marceline aliacha kupumua mara thelathini na nane katika saa moja. Na kila saa ilikuwa hivyo.

"Si uchawi," Élise alimwambia. "Ni ugonjwa. Ni pumzi inayokatika usingizini. Angalia."

Alichukua mfuko mdogo wa maji, ule unaouzwa barabarani. Aling'ata kona, akanywa. Maji yalipokaribia kuisha, alinyonya kwa nguvu. Plastiki ilishikana, upande mmoja juu ya upande mwingine. Hakuna kilichopita.

"Umeona? Koo yako inafanya vile. Ukiwa macho, nyama ya koo iko na nguvu. Ukilala, inalegea. Ulimi unarudi nyuma. Unavuta hewa, koo inashikana. Ubongo unaona hakuna hewa, unakushtua kidogo. Unapumua, unalala tena. Hukumbuki kitu. Lakini mwili wako unapigana usiku mzima. Moyo unachoka, tansiyo inapanda. Ndiyo maana unasinzia mchana."

"Basi siendi mahali," Marceline alisema polepole.

"Nani alikuambia unaenda?"

"Pumzi yangu. Wakati inakatika. Haiendi mahali."

Élise alielewa. Alimshika mkono.

"Koko, unabaki tu pale pale kitandani. Unatafuta hewa, basi."

Marceline aliomba arudie maneno hayo. Élise aliyarudia.

Kisha alimwonyesha mashine. Ilikuwa ya hospitali, naye Marceline aliazimwa tu. Ilikuwa ndogo kama redio. Mpira mrefu ulitoka ndani yake mpaka kwenye maski ya kufunika pua. Mashine haina dawa, Élise alieleza, wala si hewa ya chupa. Inachukua hewa ya chumba na kuisukuma taratibu, ili koo lisishikane. Daktari alikuwa amekwisha kupanga nguvu ya hewa. Mtu asiibadilishe. Pamoja na mashine walimpa betri na kioo cha jua cha kuichaji, kwa sababu umeme wa mtaa ulikuja na kwenda.

*

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya.

Marceline alivaa maski na kukaza kamba kwa nguvu zote, kama baba yake alivyomfundisha kufunga mtego ili mto usiuchukue. Alibonyeza kitufe. Hewa ikaingia. Ilikuwa kama kuweka uso kwenye maporomoko. Alitaka kupiga kelele, hewa ikajaa mdomoni.

Na mashine ilikuwa na taa ndogo ya kijani. Marceline aliitazama taa ile, halafu akatazama nyufa za ukuta wa mbele. Mtu akipita nje ataiona. Atasema nini? Taa ya kijani usiku, ndani ya nyumba ya yule mama? Alichukua kitenge, akafunika mashine. Taa bado ilionekana. Akaongeza kitenge cha pili, akaisukuma chini ya kitanda.

Baada ya muda hewa ikawa ya moto na dhaifu. Akavua maski, akaitupa pembeni. Alilala bila kitu. Karibu na alfajiri mchi uligonga. Tu, tu.

Ilikuwa hivyo siku tatu. Siku ya nne alifunga mashine kwenye kitambaa ili airudishe. Alikuwa bado anafunga fundo Élise alipoingia mlangoni. Germaine ndiye aliyempigia simu.

"Koko, ile mashine inasema nini?"

"Inataka kuniua, mwana. Rudisha. Upatie mutu mwenye nguvu."

Élise aliona alama nyekundu kwenye mashavu yake. Hakumgombeza. Aliketi kwenye mkeka na kufungua fundo.

"Nionyeshe namna unaivaa."

Marceline alivaa. Élise alicheka taratibu.

"Umefunga samaki ama umefunga uso? Legeza. Vidole viwili vipite chini ya kamba. Vile. Kama hewa inatoka pembeni, usikaze. Uinue maski kidogo, uikalishe tena. Na mdomo ufunge. Sasa mashine uliiweka wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Chini tu?"

Marceline alitazama chini. "Na vitenge mbili juu yake."

"Juu ya nini?"

Alisema kwa sauti ndogo sana. "Juu ya taa. Batu bataona."

Élise aliifuta mashine vumbi kwa kiganja. Halafu alisema, "Mashine pia inapumua, Koko. Ukiifunika unaikaba. Inavuta vumbi ya chini, inapata moto, inachoka. Iweke kwenye meza, chini kidogo ya kichwa chako. Mpira upite chini ya moustiquaire, mbu wasiingie. Na makala usiwashe ndani, sababu moshi wote wa chumba utaenda kifuani mwako."

"Na taa?"

"Kwa taa, tutoke nje."

Élise alitoa mashine, betri na mkeka mpaka katikati ya ua, mchana kweupe. Aliweka bakuli la karanga mbele ya Marceline.

"Leo haulali nayo. Unaivaa tu hivi, macho wazi, unamenya karanga. Nusu saa. Kesho tena nusu saa. Mwili ukiizoea mchana, usiku hautaiogopa. Na kitufe hiki kinafanya hewa ianze polepole, halafu inapanda."

Marceline alivaa maski. Vidole vyake vilitafuta karanga. Mwanzoni alihesabu kila pumzi. Halafu akasahau kuhesabu.

Watu walianza kusimama kwenye uzio. Sylvain, mvuvi aliyemletea samaki, alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Eh, Koko! Umekuwa pilote? Ndege inaenda wapi?"

Marceline aliinua maski. "Inaenda Kinshasa. Weye hapana, unanuka samaki."

Watu walicheka. Élise hakuacha nafasi ile ipite. Aliomba mfuko wa maji, akaunyonya mbele yao, akawaonyesha plastiki inavyoshikana. Aliwaambia ugonjwa huu hauambukizi, na uko katika nyumba nyingi. Mama mmoja alisema mume wake anakoroma vilevile. Sylvain aliacha kucheka. Aliuliza, kama mtu anayemuulizia rafiki, je, mvuvi anayesinzia juu ya miti ya mitego, naye apimwe?

"Aje kesho," Élise alisema. "Rafiki yako aje pamoja na weye."

Kabla ya kuondoka alimwonyesha Marceline mambo ya mwisho. Kila asubuhi aoshe maski kwa maji na sabuni kidogo, aianike kivulini. Kisanduku cha mashine, kile cha kuipa hewa unyevu, akijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya mto wala ya kisima, na asubuhi ayamwage. Kitambaa kidogo cha kuchuja hewa akikague kila wiki. Chaji ikiisha usiku, avue maski na alale ubavu, si chali. Marceline alikariri yote mara mbili. Germaine aliyakariri mara ya tatu.

*

Haikuwa kazi ya siku moja. Usiku mwingine alilala nayo saa mbili, mwingine saa nne. Pua ilikauka, akaongeza maji kwenye kisanduku. Wiki ya tatu, aliamka na kuona mwanga kwenye nyufa za ukuta. Kichwa hakikuuma. Mdomo haukuwa mkavu.

Lakini kulikuwa na kitu kilichokosekana. Alisikiliza. Mashine ilivuma kidogo. Mbali, maji. Mchi haukugonga.

Alipaswa kufurahi, na alifurahi. Lakini kimya kile kilikuwa kikubwa. Alikaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Halafu alikunja ngumi, akagonga ukuta mara mbili.

Upande wa pili kitanda kililia.

"Kuna nini?" Germaine alisema kwa sauti ya usingizi. "Uko nakufa?"

"Hapana. Nimelala vizuri."

"Basi niache miye pia nilale! Miezi mitano, Marceline!"

Mwezi uliofuata tansiyo ilishuka. Samaki hawakuungua tena. Kanisani Sylvain na mke wake waliketi kwenye benchi lake, karibu kabisa, viwiko vikagusana. Nyumbani, kikombe chekundu kilibaki kwenye rafu. Marceline alikiosha kila Jumamosi, ingawa hakikuwa na uchafu.

Jumamosi moja alikuwa nacho mkononi aliposikia sauti ndogo mlangoni.

"Koko?"

Grâce alikuwa amerefuka. Alikimbia na kumgonga tumboni kwa kichwa, kama zamani. Nyuma yake Bijou alisimama nje ya kizingiti. Hakuingia.

"Mama, jambo," Bijou alisema.

"Jambo, mwana wangu. Ingia, ukae."

"Tuko napita tu."

Grâce alikwisha kuona mashine. Alitega sikio kwenye maski. "Koko, ndiyo hii? Batu banasema inapumua."

"Inapumua na miye. Bonyeza pale."

Mashine ilivuma. Bijou aliisikiliza kutoka nje. Mikono yake ilikunja na kukunjua ncha ya kitambaa. Halafu alianza kusema, haraka, akitazama sakafu.

"Aristide naye anakata pumzi. Tangu mwaka jana. Nilifikiri... nilifikiri ni weye ulimupatia. Wiki jana alisinzia kwa volant, akiendesha. Camion ilitoka barabarani, ikaingia katika miti. Hakuumia. Mara hii hakuumia." Alishika mwimo wa mlango. "Namusikia kila usiku, Mama. Nalala macho wazi. Siko na mutu wa kuambia."

Maneno ya miezi yote ile yalifika mdomoni mwa Marceline. Yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa makali. Alimtazama mkwe wake. Macho ya Bijou yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Alimkumbuka Germaine, na hesabu yake gizani.

Aliweka kikombe chekundu mezani, akatoa vingine viwili.

"Unahesabuka?" aliuliza.

"Nahesabu. Nafika makumi mbili na tano."

"Umuguse bega, ageuke ubavu. Na asishike volant tena mpaka bamupime. Kesho kutwa, Lundi, tunaenda kwa Élise, miye na weye na yeye. Nitamuvuta na sikio kama anakataa. Si uchawi, mwana. Ni koo. Labda koo hii nilimupatia miye kweli, siku nilimuzaa."

Bijou alicheka na kulia kwa pamoja. Akavuka kizingiti. Walikunywa chai watatu, Grâce akisukuma hewa ya maski kwenye nywele za koko yake.

Jua lilipoanza kushuka Bijou alisimama. Nyumba yao ilikuwa mbali, na Aristide alikuwa akingoja chakula. Marceline aliwasindikiza mpaka barabarani. Toleka ilisimama. Grâce alipanda mbele ya mama yake.

Marceline alishika mkono wa Bijou, hakuuachia mara moja.

"Lundi mutanikuta kwa hospitali," alisema. "Lakini kisha ile, rudi hapa kwangu, mwana. Rudi hata siku yenye hakuna mugonjwa."